Tunadai Hesabu, Hatuombi Mabati



Kuna sifa moja tuliyozoea kuisikia kila mbunge anapotajwa kwetu: "Huyu ametusaidia." Alileta mabati ya kuezekea shule, alinunua mpira na jezi, alilipia jeneza la mzee wa mtaa, alitoa bahasha nono siku ya mavuno ya parokia. Yule asiyeleta kitu tunasema amelala. Sisi walei tunaoandika ukurasa huu tunataka kuipinga sifa hiyo waziwazi. Mbunge hakuchaguliwa awe mtoa sadaka. Alichaguliwa asimame mbele ya serikali na kuiuliza: fedha za maskini ziko wapi? Akiliacha swali hilo, mabati yake yote hayatoshi kulipa deni analodaiwa na wananchi.

Hayo si maoni yetu tu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 100, inalipa Bunge kazi mbili: kupitisha sheria, na kuikagua serikali pamoja na makampuni, mashirika na huduma za umma. Kifungu cha 138 kinataja njia za ukaguzi huo: swali la mdomo au la maandishi, swali juu ya jambo la wakati huo, kumwita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, na kuwasikiliza wahusika mbele ya kamati. Kifungu cha 173 kinaagiza kwamba kila mwaka hesabu kuu ya Jamhuri ifikishwe Bungeni na Mahakama ya Hesabu, pamoja na maoni ya Mahakama hiyo. Katika orodha hii hatuoni mabati, wala jezi, wala jeneza.

Tutazame basi jinsi kazi hiyo inavyokwenda. Kikao cha bajeti huanza tarehe 15 Septemba na kufungwa tarehe 15 Desemba. Serikali huleta mswada, nao hupelekwa kwa kamati ya uchumi na fedha, ile ambayo wengi huiita Ekofini. Mawaziri hupita mbele yake, kisha kura hupigwa. Bajeti ya mwaka 2025 ilizidi faranga bilioni elfu 50. Mbele ya rundo kama hilo kila mbunge hupigania eneo lake: barabara hapa, daraja pale, hospitali kule. Mjadala huwa mkali juu ya fedha zitakazokuja. Lakini juu ya fedha zilizokwisha kupita, yaani ile sheria ya kufunga hesabu za mwaka, ukali huo hatuusikii. Wazee wetu walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mama akimtuma mtoto sokoni, haishii kumwuliza anataka kiasi gani cha kwenda nacho. Anaporudi, humwuliza amenunua nini na kilichobaki kiko wapi. Bunge linalopigia kura bajeti bila kuzichungua hesabu ni mama anayetuma tu, wala hamngojei mtoto mlangoni.

Mfano upo, nao unauma. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, na mamia ya raia waliuawa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila mwaka. Katika jumla hiyo, milioni 225 ziliwekwa kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu. Mfuko uliundwa, FRIVAO, wenye makao yake huko Kisangani, ili kuwagawia wahanga haki yao. Fedha hizi si kodi, wala si zawadi ya serikali. Ni fidia ya miguu iliyokatika, ya watoto waliozikwa katika viwanja vya nyumba, ya wanawake waliobaki peke yao.

Mwezi Juni 2025 Bunge la taifa liliruhusu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, ashtakiwe. Tarehe 2 Septemba mwaka huo Mahakama ya Kasasioni ilimhukumu miaka 3 ya kazi za sulubu katika kesi ya dola milioni 19 za ujenzi wa gereza huko Kisangani, fedha zilizotoka katika fidia hiyo ya wahanga. Mwenyewe alikana hatia. Wengi walishangilia wakisema: tazameni, Bunge limefanya kazi yake. Sisi tunasema Bunge lilifika kwenye mazishi. Kumwondolea waziri kinga yake ni kazi ya mwisho kabisa. Ukaguzi ndio kazi ya kwanza. Fungu la kwanza lilipokelewa Septemba 2022. Tangu siku ile ilipasa kamati iulize kila mwaka, mbele ya watu wote: kimeingia kiasi gani? Wahanga wangapi wamelipwa, na kila mmoja amepata nini? Ofisi na safari zimekula kiasi gani? Hata tukikubali kwamba gereza jipya linahitajika, swali linabaki palepale: nani aliruhusu haki ya mjane igeuzwe kuwa matofali? Gereza ni huduma ya umma, na fidia ni deni. Haifai kumvua mmoja nguo ili kumvika mwingine, na kwa siri.

Tuchukue na shule. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza neno hilo. Tunalisifu bila kigugumizi, kwa maana watoto wengi sana wa maskini walirudi darasani. Lakini neno "bure" lina mlipaji wake. Serikali isipolipa, mwalimu analipa kwa njaa yake. Walimu wale wanaoitwa N.U., ambao bado hawajaingia katika orodha ya mishahara, wanafundisha madarasa yaliyojaa hadi mlangoni. Mbunge anawajua, kwa kuwa baadhi yao walimpigia kampeni. Likizo ya Bunge imewekwa ili arudi kwa waliomchagua. Akizunguka shule kumi akiwa na orodha ya mishahara mkononi, akalinganisha majina ya kwenye karatasi na watu waliosimama ubaoni, ataona mambo ambayo hakuna ripoti ya wizara itakayomwonyesha. Kisha arudi Kinshasa na majina hayo, amwulize waziri. Kazi hiyo haigharimu hata bati moja.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole huku tukificha daftari letu. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977, serikali hulipa walimu na Kanisa husimamia shule nyingi za nchi hii. Kwa hiyo Bunge lina haki ya kutuchungua na sisi. Wako miongoni mwetu wanaosema kwamba kukagua shule za mapadri au kituo cha afya cha masista ni kulidharau Kanisa. Tunakataa neno hilo. Mtume Paulo alipokusanya michango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuibeba peke yake. Alitaka ndugu waliochaguliwa na makanisa wasafiri naye, ili asiwepo mtu wa kumshuku. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mfalme Yoashi aliona makuhani wamepokea fedha miaka mingi na nyumba ya Mungu haijatengenezwa. Sanduku likawekwa, na fedha zikahesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu. Kama mtume na makuhani walihesabiwa, parokia yetu ni nani? Shirika lolote la Kanisa linalopokea faranga ya serikali lipeleke hesabu zake kabla ya kuulizwa. Hapo ndipo sauti yetu itakuwa na uzito.

Tunajua tutakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: siasa ni chafu, vijana wasali tu. Huyo anasahau kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya walei, alifundisha kwamba mlei hana ruhusa ya kuikimbia siasa kwa sababu tu ya uchafu wake.

Wa pili atasema: nchi iko vitani, huu si wakati wa hesabu. Sisi tunaona ndio wakati wenyewe. Fedha hutoroka zaidi pale zinapolipwa kwa njia ya dharura, bila kufuata hatua za kawaida, na Shirika la Fedha la Kimataifa limetuonya juu ya desturi hiyo mara nyingi. Askari aliye mstari wa mbele na mkimbizi aliye kambini ndio wa kwanza kuumia fedha zao zikipotea njiani.

Wa tatu atasema: mbunge anaogopa, waziri ni wa chama chake. Kwa huyu tunamleta Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, aliyetangazwa huko Roma tarehe 15 Juni 2025, mwezi uleule Bunge lilipokuwa likijadili kesi ya waziri. Alikuwa kijana kama ninyi, mkaguzi wa bidhaa mpakani Goma. Mwaka 2007, akiwa na miaka 26, alikataa rushwa ili chakula kilichooza kisipite kwenda kuwadhuru watu. Walimwua. Yeye hakuwa na kinga yoyote. Mbunge anayo: kifungu cha 107 cha Katiba kinamlinda asishtakiwe kwa maoni wala kwa kura yake. Ikiwa mkaguzi wa magunia alithubutu, mkaguzi wa bajeti anaogopa nini?

Wa nne ndiye mgumu, na hatutamdharau. Atasema: ninyi mnahubiri hesabu, na shule yetu inavuja, mbunge asipoleta mabati, watoto watanyeshewa mwaka huu. Ndugu, ni kweli watanyeshewa. Lakini mabati hayo yanaezeka shule moja, tena yanalipiwa na ukimya juu ya shule nyingine zote. Mkono uliopokea bahasha hauinuki kuuliza. Fedha za kuezeka shule za nchi nzima zimo katika ile hesabu ambayo hakuna aliyeichungua.

Walei wa nchi hii wanajua kutembea. Walitembea tarehe 16 Februari 1992 kudai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Walitembea tarehe 31 Desemba 2017 kudai uchaguzi, na damu ilimwagika. Walitembea ili tupate kura. Kwa ajili ya hesabu bado hatujatembea. Tukimchagua mtu, kisha tukamwachia miaka mitano bila swali, tunaifanya damu ile kuwa ya bure.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kila kikundi kisome pamoja vifungu vya 43, 100, 138 na 173 vya Katiba, hata kama ni kifungu kimoja kwa kila mkutano. Pili, mbunge akija likizo, msimwulize ametuletea nini. Mwulizeni: katika kikao hiki ulimwuliza waziri gani swali gani? Sheria ya kufunga hesabu uliipigia kura gani, na kwa nini? Katika eneo letu umekagua nini? Andikeni majibu, myasome katika jumuiya zenu, myatunze hadi siku ya uchaguzi. Tatu, msipige makofi kanisani kwa ajili ya bahasha, na ombeni kwa heshima kwamba hesabu za parokia zisomwe mbele ya waamini.

Na kwa wabunge wetu, ambao wengi wao walibatizwa katika makanisa yetu, tunatoa dai moja la kuanzia: kila mwaka, kabla ya kupigia kura bajeti mpya, waiteni mbele yenu viongozi wa kila mfuko ulioundwa kwa ajili ya wahanga na maskini. Waulizeni milango ikiwa wazi, na wahanga wenyewe wakiwa wameketi ukumbini. Wakili yule wa Injili aliitwa na bwana wake atoe hesabu ya uwakili wake. Ninyi mtaitwa nasi kwanza, kwa kura. Baadaye mtaitwa na Yeye.