"Breki zimefeli": kauli tuliyoizoea mno



Katika miaka yangu ya kuripoti habari nyumbani, kabla mambo hayajaharibika na kunileta huku Uingereza, kuna sentensi niliyoiandika mara nyingi hadi nikaweza kuiandika nimefumba macho: "Chanzo cha ajali hiyo kimeelezwa kuwa ni gari kufeli breki." Tulipigiwa simu, tukaandika idadi ya marehemu, tukaandika jina la mlima, tukamalizia na sentensi hiyo. Hata siku moja sikuuliza swali la pili: zilifeli kwa nini?

Jibu nililipata kwa njia ya aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari kuukuu hapa, nikalitumia miezi michache, kisha nikalituma nyumbani kwa shemeji yangu. Nililiosha, nikabadilisha oili ya injini, nikafunga matairi mapya, nikapiga na picha. Wiki chache baada ya kulitoa bandarini, shemeji akiwa na dada yangu na watoto wawili walikuwa wanateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Wanaoijua barabara ile wanazijua kona zake. Katikati ya mteremko pedeli ya breki ikazama hadi chini, laini kama sifongo. Kilichowaokoa ni gia ndogo, breki ya mkono, na uamuzi wa shemeji wa kulibamiza gari kwenye ukingo wa mlima kuliko kwenda upande wa bondeni. Wote walitoka wazima. Aliponipigia simu hakunilaumu. Aliuliza tu: "Shemeji, mafuta ya breki ulibadilisha lini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijui hata kwamba hubadilishwa.

Ndugu zangu, wengi wetu tuko hivyo. Tunajua oili ya injini, tunajua maji ya rejeta, lakini mafuta ya breki tunayaongeza tu yakipungua. Kumbe mafuta haya ya kawaida, yale yanayoandikwa DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1, yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, kidogo kidogo, hata kama gari limeegeshwa. Kwa viwango vinavyotumika, DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7 hivi, kiwango hicho hushuka hadi 155. Sasa teremka mlima mrefu huku umekanyaga breki muda wote. Joto la pedi linaingia kwenye kalipa, mafuta yanachemka na kutoa mvuke. Mafuta hayabanwi yakasinyaa, na ndiyo maana yanaweza kubeba nguvu ya mguu wako hadi kwenye gurudumu. Mvuke hubanwa. Unakanyaga, unabana mvuke, gari linaendelea.

Na hapa ndipo penye mtego. Gari likishapoa, mvuke unatoweka na pedeli inakuwa ngumu tena. Fundi akija kulikagua anasema breki ziko sawa. Basi tunasema shetani alipita, tunazika, na mimi mwandishi naandika sentensi yangu.

Baada ya tukio lile nilimfuata jirani yangu, mzee wa Mombasa aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote, akanifundisha nje ya nyumba yangu siku ya Jumamosi. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe vizuizi, na likishanyanyuliwa likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Kwanza tulivuta mafuta machafu kutoka kwenye kopo lake chini ya boneti, tukajaza mapya kutoka chupa ambayo haijawahi kufunguliwa, ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Tukaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari lenye usukani kulia huwa la nyuma kushoto, ingawa baadhi ya magari yana utaratibu wao na kitabu cha gari ndicho cha kufuatwa. Kwenye skrubu ya kutolea upepo akachomeka mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ncha ya pili ikazama kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

Mimi nilikuwa kwenye pedeli. "Kanyaga polepole, shikilia. Usiondoe mguu mpaka nikwambie." Anafungua, mafuta yanatoka, anafunga, ndipo naachia. Ukiachia kabla hajafunga, umevuta hewa ndani. Kila baada ya mikanyago michache tulitazama kopo, maana likikauka kazi yote inaanza upya. Mwanzoni yalitoka meusi kama chai ya rangi. Tuliendelea mpaka yakatoka maangavu bila povu, kisha tukahamia gurudumu jingine.

Wapo watakaosema breki si za kuchezea, mwachie fundi. Nakubaliana nao nusu. Kazi ni nyepesi lakini haisamehi kosa. Ukitia oili ya injini humo, raba zote zinaharibika. Yakimwagikia rangi ya gari yanaibabua, yasipooshwa kwa maji haraka. Hewa ikiingia kwenye mtambo wa ABS, huenda ukahitaji mashine ya gereji kuitoa. Na kama ukimaliza pedeli si ngumu, gari hilo haliendi popote. Mwenye shaka aende gereji, si aibu. Lakini anayeielewa kazi hii hadanganyiki. Atasimama pale, atataka kuona chupa mpya ikifunguliwa, na atakataa mafuta yaliyotoka kwenye mpira yarudishwe kwenye gari.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwenu mnaotuma magari nyumbani: kabla ya meli, badilisheni mafuta ya breki, andikeni tarehe kwenye kibandiko chini ya boneti, na mwambieni anayepokea kwamba kwa magari mengi kazi hiyo hurudiwa kila miaka 2. Bei ya chupa ni ndogo kuliko ya matairi tunayojivunia kwenye picha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe wakati mwingine ni kaburi.

Kwenu waandishi wenzangu mliobaki nyumbani: mkiambiwa breki zimefeli, msifunge daftari. Ulizeni mafuta yalibadilishwa lini, nani aliyabadilisha, na mwenye gari anaweza kuonyesha nini. Mimi sikuuliza. Nilihitaji simu ya shemeji ndipo nijue kuwa lilikuwa swali.