Wahindi wanaopinga Hindutva ughaibuni: Tusichanganye dini na siasa

Hapa Pwani neno "Mhindi" tumelifanya kapu. Ndani yake tumemtia Bohora, Khoja, Memoni, Mgoa, Kalasinga na Baniani, wote pamoja. Kwa hivyo zinapozunguka kwenye simu zetu picha za Mwislamu aliyepigwa huko India, maneno yanayofuata ni yale yale: "Wahindi ndivyo walivyo." Si kweli. Na yanawadhulumu Wahindi wengi, Wahindu wakiwemo, walio mstari wa mbele kuipinga siasa hiyo.

Hindutva si dini ya Kihindu. Ni itikadi ya kisiasa inayodai kuwa India ni taifa la Wahindu, na wengine wakae kwa hisani yao. V. D. Savarkar aliiandikia kitabu mwaka 1923, na mwaka 1925 shirika la RSS likaanzishwa mjini Nagpur. Chama cha BJP cha Waziri Mkuu Narendra Modi kimetoka katika ukoo huo. Desemba 1992 umati uliubomoa msikiti wa Babri huko Ayodhya. Januari 2024, Modi alishiriki kufungua hekalu la Ram mahali pale pale.

Upinzani wa ughaibuni ulipata nguvu baada ya machafuko ya Gujarat ya mwaka 2002, ambapo zaidi ya watu 1,000 waliuawa, wengi wao Waislamu. Modi ndiye aliyekuwa kiongozi wa serikali ya jimbo hilo. Amekana lawama siku zote, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya India iliikubali ripoti iliyosema hakuna ushahidi wa kumshtaki. Lakini mwaka 2005, wanaharakati wenye asili ya India waliishinikiza Marekani, naye akanyimwa viza.

Alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 2014, mlango ulifunguka. Mwaka 2023 alihutubia Bunge la Marekani, na ni wabunge wachache tu, akina Ilhan Omar na Rashida Tlaib, waliosusia. Serikali kubwa zinaitaka India kwa biashara na kwa kuizuia China. Haki za wanyonge husubiri nje ya mlango.

Ndiyo maana wanaopinga wameteremka ngazi za chini. Februari 2020, baraza la jiji la Seattle lilipitisha azimio la kupinga sheria mpya ya uraia ya India, iliyowafungulia njia wakimbizi wa dini kadhaa na kuwaacha Waislamu. Mwaka 2023 jiji hilo hilo lilipiga marufuku ubaguzi wa matabaka ya kuzaliwa (caste). Mwaka 2021, idara za vyuo vikuu zaidi ya 50 ziliunga mkono kongamano la kuichambua Hindutva, na waandalizi wakapokea vitisho. Shirika la Hindus for Human Rights, lililoanzishwa mwaka 2019, linasema wazi kwamba linapinga kwa jina la imani yake yenyewe.

Watetezi wa Hindutva hujibu kwamba hiyo ni chuki dhidi ya Wahindu. Jibu hilo hupwaya pale anayesema ni Mhindu mwenyewe. Na wasemao hulipa. Mwaka 2024, Profesa Nitasha Kaul, anayefundisha London, alirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Bengaluru ingawa serikali ya jimbo la Karnataka ndiyo iliyomwalika.

Tuliangalie na la Ghuba. Juni 2022, baada ya msemaji wa BJP kumtusi Mtume (S.A.W.), Qatar na Kuwait ziliwaita mabalozi wa India, na chama kikamsimamisha msemaji huyo siku hiyo hiyo. Tulishangilia. Lakini wiki moja baadaye, nyumba za Waislamu walioshutumiwa kuongoza maandamano zilibomolewa kwa tingatinga huko Uttar Pradesh, na Ghuba haikupaza sauti kama ile. Heshima ya Mtume ilitetewa, na ni haki. Umma wake waliachiwa wenyewe.

Jambo hili linatugusa pia kihistoria. Tawi la kwanza la fikra ya RSS nje ya India lilianzishwa hapa Kenya mwaka 1947, miongoni mwa wahamiaji. Lakini ni Kenya hiyo hiyo iliyowapata Makhan Singh na Pio Gama Pinto, watu wa asili ya India waliofungwa na mkoloni kwa ajili ya haki za Waafrika. Asili ya mtu haikuambii atasimama upande gani.

Kwa hivyo hasira yetu tuipe anwani. Kumnunia jirani mwenye duka kwa jambo asilolitenda ni kuiga mantiki ile ile ya Hindutva, kwamba mtu hubeba dhambi ya watu wa dini yake. Sisi Waislamu wa Pwani tunaijua mantiki hiyo vizuri. Tumeionja kila bomu lilipolipuka nchini, na vijana wetu wakasakwa kwa kanzu zao.

Anayedai haki kwa Waislamu wa India aidai pia kwa Mhindu aliye wachache katika mji wake.