Treni Kuruka Vituo ni Kumnyima Abiria Haki Yake

Treni ya abiria wa mjini inapopita bila kusimama katika kituo ilichopangiwa, aliyekwisha kulipa nauli yake hubaki akiitazama tu. Nchini Uingereza jambo hili hufanywa kwa makusudi. Treni ikichelewa huamriwa iruke vituo kadhaa, ili ifidie muda uliopotea.

Sababu inayotolewa si ya uongo. Treni iliyochelewa huzizuia zilizo nyuma yake, nayo hutakiwa kugeuza na kuchukua abiria wengine. Lakini kuna jambo lisilotajwa katika matangazo ya vituoni. Kwa miaka mingi treni za London na vitongoji vyake zilihesabiwa kuwa zimewahi endapo zilifika kituo cha mwisho bila kuchelewa zaidi ya dakika 5. Iliyoruka vituo ilihesabiwa kuwa imeshindwa. Ila kwa kuitoa hiyo moja kafara, kadhaa zilizoifuata ziliandikwa kuwa zimewahi. Taarifa ikapendeza, na abiria wa kituo kilichorukwa akachelewa kazini.

Visingizio navyo havikukosekana. Mwaka 1991 Shirika la Reli la Uingereza lilichekwa nchi nzima kwa kudai kwamba theluji iliyoanguka ilikuwa ya aina nyingine. Kumbe kweli ilikuwa kavu na laini kama unga, ikapenya ndani ya mitambo ya umeme. Majani ya miti pia, yakisagwa na magurudumu, huzifanya reli ziteleze. Lakini majani hupukutika kila mwaka! Shirika linaloshtushwa na jambo la kila mwaka linastahili kuulizwa lilikuwa likifanya nini katika miezi mingine.

Hatimaye, mwaka 2019, Waingereza walianza kupima uwahi wa treni katika kila kituo, dakika kwa dakika.

Gazeti hili linayaeleza haya kwa sababu treni za mjini si jambo geni kwetu. Zilipoanza jijini Dar es Salaam, Oktoba 2012, moja ilipita Reli ya Kati na nyingine reli ya TAZARA. Mwalimu anayesubiriwa na darasa la saa moja na nusu hafaidiki na wastani wa mwezi. Tunawataka wahusika wote wa usafiri wa reli watoe taarifa za kila kituo, wakionyesha treni ngapi zilisimama na ngapi zilipita. Na ikilazimu kituo kirukwe, abiria aambiwe kabla hajapanda.