Kipimo cha dakika 10 kifike Songosongo

Wadau, hamira tunayoumulia vitumbua haina noma. Ukuta wa chembe yake umejengwa kwa minyororo ya sukari kama glukani, na askari wa mwili huitambua mara moja. Lakini ina ndugu wa mbali, kimelea kiitwacho kriptokokasi. Huyu ni mjanja: juu ya ukuta huvaa koti zito la sukari za aina nyingine, askari wanampita bila kumshtukia. Mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana anaweza kushambuliwa hadi kwenye ubongo.

Cha ajabu, koti hilohilo ndilo linalomsaliti. Vipande vyake huelea kwenye damu, na tone la kidoleni hutoa jibu kwa dakika 10 tu, hata kabla kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka uliochapishwa 2015 ulionyesha kuwa kupima hivyo, pamoja na kuwatembelea wagonjwa nyumbani, kulipunguza vifo kwa asilimia 28.

Hoja yangu ni moja: kipimo chepesi hivi kisimsubiri mgonjwa Lindi mjini. Mtu wa Songosongo anaanza na boti. Kimfuate huko aliko, na dawa ya flukonazo iwe pembeni. Nawasilisha.