Nani Ameiondoa Rangi ya Lupiro?

Kila picha ya mtaani inayotolewa leo kwa rangi nyeusi na nyeupe ni uamuzi, na kila uamuzi una mtu wa kuujibia. Nasema hivi kwa kuwa mtindo huo umerejea kwa nguvu miongoni mwa vijana wetu wenye simu na kamera. Stendi ya Ifakara, gulio la Lupiro, wabeba magunia ya mpunga, mama lishe na moshi wa majiko yao: vyote hivyo hupigwa mchana wa jua kali, kisha hutufikia vikiwa vya kijivu. Wanaozisifu picha hizo husema zina uzito. Nami nauliza: uzito huo umetoka kwa mtu aliyepigwa picha, au umetokana na kunyang'anywa rangi yake?

Zamani swali hili halikuwapo. Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mjini Zanzibar mwaka 1930, akapiga picha za sherehe za Sultani, za bandari na majahazi, na za vichochoro vya Mji Mkongwe. Mapinduzi ya 1964 yalipokuja, aliendelea kupiga picha za wakubwa wapya kama alivyopiga za wale wa zamani, na baadaye mwanawe Rohit akairithi kazi hiyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, nyeusi na nyeupe ndiyo filamu iliyopatikana, ndiyo iliyosafishwa katika chumba chake cha giza, na ndiyo bei ambayo wateja wake waliimudu. Aliyepiga picha pale mwaka 1950 hakujiona mtu wa kale. Alijiona mtu wa siku ile, mwenye kanzu mpya na mkutano jioni. Ni sisi, tuliokuja kuzizoea picha za rangi, tunaoiona picha yake na kusema, "Enzi hizo!"

Hapo ndipo palipo hoja yangu. Rangi ya kijivu imekuwa alama ya wakati uliopita. Anayeichagua leo, atake asitake, anasema jambo kuhusu wakati: anamchukua mtu aliye hai na kumweka miongoni mwa kumbukumbu.

Mabishano haya si yetu peke yetu. Katika miji ya Asia iliyojaa watu na kubadilika kwa kasi, yamekuwapo muda mrefu. Fan Ho, aliyezaliwa Shanghai mwaka 1931, aliipiga Hong Kong picha za nyeusi na nyeupe katika miaka ya 1950 na 1960: wachuuzi, wavuta mikokoteni, miale ya jua ikipenya moshi wa vichochoro. Ni kazi ya uzuri usiobishaniwa. Lakini picha yake mashuhuri ya mwaka 1954, ya mwanamke aliyesimama chini ya ukuta mrefu huku kivuli kikimkaribia, haikuokotwa mtaani. Mwanamke yule alikuwa binamu yake, aliyeombwa asimame pale, na kivuli kile kiliongezwa katika chumba cha giza. Fan Ho hakulificha jambo hilo, na wala halimpunguzii heshima. Linatufundisha tu kwamba nyeusi na nyeupe haina ukweli zaidi ya rangi, ingawa macho yetu yamezoezwa kuiamini hivyo.

Kwa upande wa pili alikuwapo Raghubir Singh wa India, aliyefariki mwaka 1999. Yeye alizipiga Calcutta, Benares na Bombay kwa rangi, katika miaka ambayo wakubwa wa fani hiyo huko Magharibi waliiona rangi kuwa mambo ya matangazo ya biashara. Alishikilia kwamba rangi nchini mwake si pambo lililobandikwa juu ya maisha, bali ni sehemu ya namna watu wanavyoona na kufikiri. Kuiondoa, kwake, kulikuwa ni kuitazama India kwa huzuni ya watu wengine.

Tukirudi bondeni kwetu, naona Singh ana la kutuambia. Lupiro ni njia panda. Anayetoka Ifakara hufika hapo akachagua kwenda Mahenge au Malinyi, na wote hao hukutana mahali pamoja. Mahali kama hapo husomwa kwa rangi. Mpunga ukiwa kijani tunajua ni msimu gani. Ukiwa wa dhahabu tunajua madeni yatalipwa lini. Rangi hutenganisha maji ya mafuriko na tope lililokauka. Shuka humtambulisha mfugaji, sare humtambulisha mwanafunzi na shule yake. Khanga ina jina lake lililoandikwa, lakini pia ina rangi zake, na mwanamke aliyeichagua dukani alizichagua vyote viwili. Hata katika mambo mepesi, picha ya kijivu haiwezi kututenganishia Simba na Yanga, na mpiga picha wa Tanzania aliyeshindwa kutuonyesha hilo ametunyima habari ya msingi kabisa kuhusu mtu wake.

Lililo zito zaidi ni la kisiasa. Bonde la Kilombero linabadilika. Hadi miaka michache iliyopita tulivuka mto kwa kivuko, na wengi bado wanakumbuka ajali ya kivuko ya Januari 2016. Mei 2018 lilizinduliwa daraja la mita 384, na tangu hapo bidhaa, watu, bei na matumaini vimesafiri kwa mwendo mwingine. Yapo yaliyobadilika na yapo yaliyosimama palepale. Mkulima anayesukuma baiskeli yenye gunia katika barabara yenye mashimo anaishi katika mwaka wa bajeti fulani, chini ya halmashauri fulani, mbele ya ahadi fulani. Mpige kwa nyeusi na nyeupe bila tarehe, naye huenda akawa mtu wa mwaka 1964, au 1984, au wa leo. Umaskini ukiondolewa rangi na tarehe huonekana kama maumbile ya mahali, ilhali ni matokeo ya maamuzi. Hakuna diwani wala mbunge anayeulizwa kuhusu maumbile.

Wapo watakaonijibu kwamba rangi nayo hudanganya. Nakubali. Kampuni za simu zimepaka kuta za maduka yetu rangi zao, hata vijiji viwili vilivyo mbalimbali vikafanana kama mapacha. Anayeondoa rangi humwondoa pia mwenye tangazo, akatubakishia uso, mkono na mwanga. Ipo picha ya fundi baiskeli au ya bibi anayepepeta mchele ambayo rangi ya ndoo iliyo nyuma yake ingeiharibu. Sitaki kijana huyo azuiwe. Nataka awe na jibu atakapoulizwa kwa nini, na jibu hilo lisiwe kwamba programu ya simu ilikuwa na kitufe.

Tena iko hesabu ya adabu. Katika Hong Kong mpita njia humezwa na umati. Huenda hatajulikana milele. Lupiro haina umati wa namna hiyo. Picha ikifika kwenye makundi ya simu, kabla ya saa ya adhuhuri tunajua ni mama wa nani na alikuwa gulioni akiuza nini. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda heshima na faragha ya mtu, na hakuna mahali inaposema kwamba ulinzi huo unakoma kwenye banda la mama lishe. Lakini hata kabla ya Katiba tulikuwa na hodi. Mpiga picha wa mahali padogo hapotezi chochote akisalimu kwanza, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha," kisha akakubali kukataliwa. Atakosa picha chache za kushtukiza, na atapata nyingi ambazo mwenyewe aliyepigwa atazitundika ukutani.

Napendekeza, basi, mambo manne kwa vijana wa Ifakara, Lupiro, Mahenge na Malinyi wanaoipenda kazi hii. Kwanza, ihifadhi picha ya awali yenye rangi, kwa kuwa simu na kamera nyingi hunasa rangi kwanza na kuiondoa baadaye, usiifute. Pili, andika tarehe na mahali, kila mara. Tatu, andika jina la mtu kama mwenyewe ameridhia, na umpelekee nakala iliyochapwa. Nne, halmashauri na shule zetu zitenge kabati na kompyuta moja ya kupokea nakala hizo. Picha za Oza zimetufaa kwa sababu familia yake iliyatunza makasha ya filamu, na familia moja haiwezi kuachiwa kazi ya taifa.

Mafuriko yatakuja tena bondeni, kama yalivyokuja mwaka 2024. Siku ile mwananchi atakapotaka kuonyesha maji yalifika wapi ukutani mwa nyumba yake, hatahitaji picha yenye huzuni nzuri. Atahitaji alama ya tope jekundu kwenye ukuta mweupe, na tarehe chini yake.