Feza ya kijani ifike na kwa mtu wa vumbi



Siku hizi tunasikia "feza ya kijani" kila pahali, mu radio na ku mikutano ya wakubwa. Maana yake haiko nguvu. Banki inakopesha kampuni kwa kazi yenye kupunguza moshi duniani: gari la betri, umeme wa jua, reli pahali pa kamyo. Na betri mingi zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka huku kwetu, Kolwezi, Likasi, Fungurume. Basi feza hiyo inatutafuta sisi. Marekani ilitangaza deni la dola milioni 553 kwa reli ya Lobito upande wa Angola, juu madini ya huku yafike mbio ku bahari.

Kuna wenzetu ku sendika wanasema tuikatae yote, ni maneno ya wazungu. Sisi hatukubali vile. Bila feza ya kukopa kiwanda hakijengwi, na kiwanda kisipojengwa mtoto wetu aliyemaliza masomo atashinda akikaa tu ku kartié. Lakini tuseme tulichoona.

Mwaka uliopita, ku mgodi mmoja (jina tunaliacha), wageni wa banki walikuja kutembelea. Siku moja mbele, kapita aliambia ekipi nzima ya sous-traitance: "Kesho na kesho kutwa mubaki kwenu." Siku mbili bila malipo. Wale waliobaki kazini walipewa maski mupya, nzuri kabisa, na wageni wakapiga picha. Magari ya wageni yalipotoka, maski zikarudishwa mu karto. Jioni bibi ya mwenzetu mmoja akamuuliza: "Jana ulirudi pua safi, leo vumbi tena, juu ya nini?" Hakuwa na jibu la kumpa.

Wageni wale hawakudanganywa juu ya moshi. Hesabu ya moshi, ya maji, ya miti iliyopandwa, pengine ilikuwa sawa. Walidanganywa juu ya watu. Yule wa sous-traitance anatumika mu shimo moja na sisi, anakula vumbi moja na sisi, lakini kontra yake ni ya miezi mitatu, mshahara mdogo, na akiumia hospitali ya kampuni haimujui. Ku karatasi ya kampuni kubwa hayuko. Na asiyekuwa ku karatasi, banki itamuona wapi?

Sasa tusikilizane vizuri, hapa njo pahali pa maana. Société financière internationale, tawi la Banki ya Dunia lenye kukopesha kampuni za watu binafsi, iko na kanuni nane. Ya pili ni ya wafanyakazi. Inasema wazi kama mtu aliyeletwa na kampuni ya katikati naye anahesabiwa, na kama lazima awe na pahali pa kupeleka malalamiko bila kulipiziwa. Banki mingi za biashara zinafwata kanuni hizo kwa mapatano yanayoitwa Principes de l'Équateur. Ni kusema, kampuni ikikopa huko, imetia sahihi juu yetu. Sisi wenyewe hatujasoma. Ni kosa letu pia, delegue tunapenda kubishana juu ya unga na kofia tu.

Kijiji kimetupita. Kodi ya madini ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na cahier des charges inaandikwa, chefu anaweza kuishika mkononi. Mtumikaji je, anashika nini?

Kuna aina ya deni ambayo faida ya banki inapunguka kampuni ikifikia lengo walilopatana, isipofikia inapanda. Mara mingi lengo ni moshi. Tunaomba kati ya malengo hayo iwekwe hesabu ya watu wenye kontra ya moja kwa moja, na hesabu ya walioumia, wa sous-traitance wakiwemo. Kampuni ikificha watu, ilipe zaidi. Tajiri anaelewa lugha hiyo kupita barua zetu zote. Na wageni wa banki wakija, waonane na delegue peke yao, bila kapita wala mkubwa wa personnel kusimama mulangoni.

Mkutano ujao na mwajiri, kila delegue aulize maulizo mawili tu: banki gani ilikopesha mgodi huu, na karatasi ya wafanyakazi iko wapi. Wakimupa nakala ya Kifaransa ao ya Kiingereza, ailete ku sendika. Kuna walimu wastaafu wawili wameisha kukubali kuigeuza mu Kiswahili, bila kulipwa.