Mtoto wa miaka 13 anapoaga nyumba

Wiki hii tunaacha kwanza mambo ya minervali na primi. Vijana wetu hapa Nyakabere wana jina moja mdomoni, Jonathan Kuminga, na darasani wanatujibu: "Mwalimu, Kuminga hakukanyaga chuo kikuu!"

Ni kweli. Lakini wanaruka nusu ya habari.

Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Mwaka 2016, akiwa na miaka 13, alikwenda Marekani kucheza basketi, wazazi wakabaki Congo. Wamama, hesabuni: miaka 13 ni mtoto ambaye sisi bado tunamkumbusha kuoga. Alipita shule tatu, West Virginia, New York na New Jersey, na sekondari aliimaliza mwaka mmoja kabla ya wenzake. Hapo ndipo alipoacha vyuo vikuu vilivyomtaka, akaingia Ignite, timu iliyoundwa chini ya NBA na kuwalipa vijana mshahara. Mwaka 2021 Golden State Warriors wakamchagua, wa 7 kati ya vijana wote. (Bismack Biyombo wa Lubumbashi naye alikuwa wa 7, mwaka 2011. Namba hiyo inatupenda.)

Mwaka wa kwanza, wastani wake ulikuwa pointi 9 na kidogo kwa mchezo. Timu ilitwaa ubingwa Juni 2022, naye ana miaka 19, ila fainali karibu zote alizitazama kutoka kwenye benchi. Alisubiri, akanung'unika pia, na msimu wake wa tatu akafika pointi 16. Hiyo benchi vijana wetu hawaisemi kamwe.

Tunaandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa kikundi chetu. Bwana mmoja alimfikia na karatasi zenye mihuri, akisema mtoto wake wa miaka 14 atapelekwa ng'ambo kucheza mpira, ila kwanza zitoke feza za viza na za "majaribio". Mama akataka kuchukua zamu yake ya likelemba kabla ya wakati. Tulikaa naye jioni nzima, sombe ikaungua jikoni. Tukamwomba amuulize yule bwana mambo matatu tu: shule gani itampokea mtoto, nani atalala naye nyumba moja, na kwa nini timu inayomtaka haimlipii safari.

Aliuliza. Bwana akasema atarudi Jumatatu na majibu. Jumatatu tatu zimepita, na simu yake haiiti.

Feza ziko bado kwenye likelemba. Mama analala. Mtoto anakuja shuleni kila siku, anakaa nyuma kabisa, na sisi walimu hatusalimii.